Siku Tisini na Tisa za Mheshimiwa Hilarioni

TANGAZO RASMI. Wananchi wote, wa mjini na wa mashambani, mnatangaziwa kwamba leo saa nne kamili asubuhi nchi yetu tukufu imepata Serikali mpya, imara, yenye hekima na ya kudumu, chini ya uongozi uliotukuka wa Mheshimiwa Hilarioni Montabeli, Waziri Mkuu wa thelathini na tisa. Serikali hii haitatikisika.

Tangazo hilo lilisomwa saa nane mchana. Saa nne milango ya ofisi ilikuwa bado imefungwa, kwa sababu Waziri Mkuu wa thelathini na nane, aliyeangushwa juzi yake, alikuwa ameondoka na funguo mfukoni akaenda kuvua samaki. Serikali isiyotikisika ikasubiri nje kwenye mvua, mawaziri kumi na watano chini ya miavuli minne, na Waziri wa Ulinzi akapata mafua.

Nchi yenyewe sitaitaja. Haina ubaya wowote. Ina mto mzuri, mikate mirefu, jibini za aina mia tatu, na watu wapole ambao hugoma kila Jumanne. Ina Rais, ambaye hukaa ng'ambo ya mto, na kazi yake kubwa ni kuteua mawaziri wakuu. Ina Bunge pia, na kazi yake kubwa ni kuwaangusha. Kwa hiyo mtu asije akasema viongozi wa nchi ile hawafanyi kazi.

Mheshimiwa Hilarioni aliyajua hayo yote. Hata hivyo, siku ile ya mvua, alipopita mlangoni viatu vikilia chwa-chwa, hakutazama meza yake wala kiti chake. Alitazama ngazi.

Ni ngazi kuu ya marumaru, na juu yake ukutani kuna msumari mmoja wa shaba. Waasisi wa taifa waliugongomea kwa mikono yao, wakaandika chini yake: "Hapa itatundikwa picha ya kila Waziri Mkuu atakayetimiza siku mia." Waasisi walikuwa watu wenye matumaini. Msumari ule haujawahi kubeba kitu chochote ila, mara moja, koti la fundi bomba. Picha za mawaziri wakuu wote waliotangulia zimetundikwa kwenye korido nyembamba iendayo msalani, kila moja na idadi ya siku zake. Babu yake Hilarioni yumo: siku arobaini na moja. Baba yake yumo pia: siku sitini na tatu, jirani kabisa na sinki, na kila mgeni anayetoka kunawa hukung'uta mikono akamrushia maji usoni.

Hilarioni aliliona hilo akiwa na miaka tisa. Balozi mmoja mnene alinawa, akakung'uta, na matone mawili yakashuka kwenye mashavu ya baba yake kama machozi. Tangu siku hiyo hakutaka utajiri, hakutaka sifa. Alitaka msumari.

*

Alipanda vyeo kwa njia moja tu: kutofanya jambo lolote jipya. Alipokuwa Waziri wa Barabara alifungua daraja moja mara saba, kwa kuwa lilikwishafunguliwa na halikuwa na matatizo. Alipokuwa Waziri wa Elimu aliondoa sura za mwisho za vitabu vya historia, akieleza kwamba zilikuwa zinakaribia mno wakati huu. Chama chake, Chama cha Jana, kilimpenda sana. Kaulimbiu yao ilikuwa "Jana Ilitosha", na wanachama walipokutana walisalimiana kwa kuulizana wameamkaje jana.

Siku ya kwanza ya uwaziri mkuu, nguo zikiwa bado mbichi, aliliita baraza lake na kusoma sheria yake moja, ya kwanza na ya mwisho.

"Waheshimiwa," alisema, "kuanzia sasa, jambo lolote lisifanyike kwa mara ya kwanza. Anayetaka kufanya kitu alete kielelezo kwamba kilikwishafanyika. Asipokuwa na kielelezo, akae."

Mawaziri waligonga meza kwa furaha. Aliyegonga zaidi ya wote alikuwa Gaudensi Turenali, Waziri wa Fedha, mtu mwembamba mwenye tabasamu refu.

"Mheshimiwa Waziri Mkuu," akasema Gaudensi, "sheria hii ni ya ajabu. Haijawahi kutungwa kitu kama..."

Aliuziba mdomo wake kwa mkono. Hilarioni akasema sheria hii iandikwe kuwa ya pili, na ya kwanza itafutwe baadaye.

*

Mwezi ule wa kwanza mambo yalikwenda vizuri, isipokuwa moto. Jumba la Fedha lilishika moto asubuhi ya Jumatano. Wazimamoto wakafika na mipira yao, wakamkuta Gaudensi amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Kielelezo kiko wapi?"

"Cha nini, Mheshimiwa? Si unaona moto?"

"Moto nauona, sina upofu. Jumba hili halijawahi kuungua, basi halijawahi kuzimwa. Jumba la Uvuvi pale ng'ambo liliungua mara mbili, likazimwa mara mbili. Huko ndiko kuna kielelezo."

Basi wakabeba makabati yaliyokuwa yakiwaka, wakavuka nayo barabara, ili yakazimwe kihalali kwenye Jumba la Uvuvi. Ndivyo yalivyoungua majumba yote mawili. Hilarioni alimpigia Gaudensi simu ya pongezi.

Waokaji mikate nao waligoma, na si Jumanne bali Alhamisi, jambo lililomuudhi sana. Walitaka nyongeza. Kielelezo cha kuwapa nyongeza hakikupatikana. Vielelezo vya kuwaahidi vilikuwa elfu mbili mia nne. Akawaahidi. Wakarudi kuoka mikate, mifupi kidogo.

Siku zikasonga. Ya arobaini na mbili ilipofika, Hilarioni alikwenda koridoni akasimama mbele ya picha ya babu yake, akainamisha kichwa kama mtu anayeomba radhi. Ya sitini na nne alifuta uso wa baba yake kwa leso. Ya tisini alianza kuamka mapema, kupanda ngazi kuu peke yake na kuugusa msumari kwa ncha ya kidole. Ulikuwa baridi. Alihisi unamjua.

*

Siku ya tisini na tano, bungeni, alisimama Leokadia Bwasini, kiongozi wa upinzani. Mama huyu alikuwa na sauti ya upole, na kila alipoitumia serikali moja iliondoka.

"Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo wako."

"Endelea, Mheshimiwa Leokadia, lakini kwa kifupi. Chakula kinapoa."

"Nitakuwa mfupi kuliko mikate ya siku hizi." Upande wa upinzani ukacheka. "Tuna sheria kwamba jambo lolote lisifanyike kwa mara ya kwanza. Nauliza tu, mimi mama wa watu. Je, yupo Waziri Mkuu aliyewahi kutimiza siku mia?"

Spika alimtazama karani. Karani alitazama viatu vyake.

"Kama hayupo," Leokadia aliendelea, "basi Mheshimiwa Montabeli akiamka siku ya mia akiwa bado kazini, atakuwa amefanya jambo jipya. Atakuwa amevunja sheria yake mwenyewe. Mimi namheshimu mno, sitaki afikwe na aibu hiyo. Kwa hiyo natoa hoja ya kutokuwa na imani naye, ijadiliwe siku ya tisini na tisa."

"Naafiki!" Upinzani ulipaza sauti.

Hilarioni alihisi maji yamemfika shingoni. Alitazama nyuma yake, kwa watu wa Chama cha Jana. Walikuwa wanatikisa vichwa kwa huzuni, lakini kwa kukubali. Hoja ilikuwa nzuri. Ilikuwa hoja ya kihafidhina kuliko zote walizowahi kusikia.

*

Kulikuwa na mahali pamoja tu pa kukimbilia: Makavazi ya Yaliyokwishafanyika. Huko hukaa majalada elfu arobaini chini ya ulinzi wa Bibi Perpetua Lakonti, mwanamke wa miaka sabini na mitatu, mwenye funguo shingoni na kikohozi cha vumbi.

"Bibi," Hilarioni alisema, na sauti yake haikuwa ya Waziri Mkuu, "nitafutie Waziri Mkuu mmoja aliyepita siku tisini na tisa. Mmoja tu."

"Kwa siku nne hizi, mwanangu? Nina makarani watatu. Mmoja yuko likizo tangu utawala wa baba yako."

"Nikuletee nani?"

"Watu wenye macho mazima na wasio na la kufanya."

Kwa kuwa wabunge walikuwa na kazi, wakaletwa wanafunzi wa kidato cha tatu wa shule ya bweni ya masista iliyo kilimani, wasichana thelathini na sita, kwa mistari miwili. Hilarioni aliwahutubia juu ya uzalendo kwa dakika hamsini. Walipiga miayo kwa adabu. Kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, akaongeza kwamba atakayepata jalada atakula pilau ya nyama kutoka jiko la Waziri Mkuu, sahani iliyojaa mpaka kilele, yeye na darasa lake lote.

Wasichana wale walikuwa wamekula maharage tangu muhula uanze, na katika maharage yale wadudu walikuwa ndio nyama. Miayo ikakoma.

Siku ya tisini na nane, saa tano asubuhi, mwanafunzi mmoja alipaza sauti kutoka rafu za nyuma. Alikuwa msichana mwadilifu, mtiifu, mwenye macho ya hekima na unyenyekevu usio wa kawaida kwa umri wake. Mikononi alishika jalada la kahawia lililofungwa kwa kamba ya katani.

Bibi Perpetua alilisoma mara moja. Akalisoma tena. Akaenda nalo mbio kwa Waziri Mkuu, na watu walioshuhudia wanasema hakukohoa njia nzima.

*

"Ni Baltazari Korbineli," Bibi Perpetua alilieleza baraza. "Waziri Mkuu wa kumi na moja."

"Huyo picha yake inasema siku arobaini," Gaudensi alipinga.

"Arobaini akiwa hai. Jalada linasema siku ya arobaini alifariki kitini mwake, baada ya chakula cha mchana. Mawaziri wake hawakutaka kulisumbua Bunge, wakamwacha pale pale. Siku ya tisini na tisa Bunge likaleta hoja ya kumwondoa. Lakini kwa kanuni zetu mjadala haufungwi na kura haipigwi mpaka Waziri Mkuu ajibu. Hakujibu. Kengele ya saa kumi na mbili ikalia, kikao kikaisha, hoja ikafa. Akatawala mpaka siku ya mia na kumi na mbili. Imeandikwa hapa kwamba bei ya mkate ilishuka."

"Na msumari?" Hilarioni aliuliza kwa mnong'ono. "Mbona hayuko kwenye msumari?"

"Mchoraji alikataa. Macho yalikuwa yamefumba."

Hilarioni alisimama, akaketi, akasimama tena. Kielelezo kilikuwepo! Mtu mmoja alikwishapita siku ya mia. Gaudensi alikohoa.

"Tatizo dogo, Mheshimiwa. Kielelezo si kitenge, huwezi kukata upande unaoupenda. Korbineli alipita siku ya mia akiwa marehemu. Ukipita wewe ukiwa hai, hilo bado ni jambo jipya."

Waziri wa Jibini alisema kwa upole kwamba ingekuwa siku moja tu.

"Sitaki kufa," alisema Hilarioni.

"Nani amesema ufe?" Gaudensi alitabasamu kwa urefu wake wote. "Ukae tu kama yeye. Usiseme, usicheke, usipige chafya. Kuanzia kikao kinapofunguliwa saa tatu mpaka kengele ya saa kumi na mbili. Sisi tutakulilia, kama wao walivyomlilia. Asubuhi yake utafumbua macho, na picha itakuwa tayari."

*

Siku ya tisini na tisa Waziri Mkuu aliingizwa bungeni akiwa amebebwa kwenye kiti chake, amevaa suti nyeusi, pamba mbili puani. Spika alisomewa jalada, akakubali kwamba kanuni zimefuatwa. Leokadia alimzunguka mara tatu, akampulizia sikioni, akamkanyaga kidole cha mguu. Hilarioni hakutikisika. Akilini mwake aliuona msumari, akaushika kwa macho yaliyofumba kama mtu anayeshika tawi juu ya mto.

Saa nne nzi alitua kwenye pua yake, akatembea, akaondoka mwenyewe. Saa sita harufu ya pilau ilishuka kutoka jukwaa la wageni, ambako darasa zima la kidato cha tatu lilikuwa limekaa na sahani mapajani, zikijazwa tena kila zilipokwisha. Tumbo la marehemu likanguruma. Spika aliamua kwamba ilikuwa radi.

Saa tisa zilianza salamu za rambirambi. Waziri wa Jibini alilia kwa kweli, kwa kuwa alikuwa amesahau. Waziri wa Ulinzi alisema marehemu alikuwa bahili kidogo. Waziri wa Barabara alisema alikuwa mpole kiasi cha kudhaniwa mpumbavu, na pengine waliodhani hawakukosea. Hilarioni aliyavumilia yote. Dakika zilikuwa zinakwenda. Saa kumi na moja na nusu alianza kuhisi baridi ya shaba kwenye ncha ya kidole.

Ndipo aliposimama Gaudensi.

"Mheshimiwa Spika, mimi ndiye niliyekuwa karibu na marehemu kuliko wote. Katika saa zake za mwisho alinishika mkono akasema, Gaudensi, kiti hiki ni chako."

"Mwongo," aliwaza Hilarioni, bila kusogeza hata unyusi.

"Alisema pia picha yangu itundikwe mapema, tusije tukachelewa. Imekwishachorwa. Iko nje ya mlango."

Hilarioni aliuma ulimi. Dakika kumi na mbili zilibaki.

"Na sasa nifichue jambo ambalo taifa halikulijua. Montabeli huyu mliyemwona ni mtu wa kale, moyoni hakuwa hivyo. Faraghani alikuwa mtu wa mabadiliko! Alipenda mambo mapya! Mara nyingi aliniambia, Gaudensi, laiti ningeweza kujaribu kitu ambacho hakuna aliyewahi..."

"UONGO!"

Kiti kilianguka. Pamba moja iliruka ikatua kwenye kitabu cha Spika. Mheshimiwa Hilarioni Montabeli alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili, mwekundu kama nyanya, kidole kikimwelekea Waziri wake wa Fedha.

"Mimi? Mabadiliko? Mimi sijabadilisha hata mswaki! Futa kauli yako, wewe nyoka!"

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja na dakika hamsini. Gaudensi alikuwa ameketi, mikono mapajani, mtulivu kama mtu aliyekwisha kunywa chai yake.

"Mheshimiwa Spika," Leokadia alisema kwa sauti yake laini, "nadhani Waziri Mkuu amejibu."

"Amejibu," alisema Spika. "Mjadala umefungwa. Lakini kwanza: Bibi Perpetua, kuna kielelezo cha marehemu kusimama na kubishana?"

Bibi Perpetua alishika funguo zake. Macho yake yalimtafuta Hilarioni, akayainamisha.

"Hakuna, Mheshimiwa Spika. Si katika nchi hii."

"Basi wanaoafiki hoja wanyooshe mikono."

Upinzani ulinyoosha. Chama cha Jana kilitazamana, kikanyoosha, mkono baada ya mkono, kwa masikitiko na kwa msimamo. Mawaziri wengine wote walinyoosha. Spika alihesabu, akafika mwisho, akasimama.

"Mheshimiwa Montabeli, wewe pia ni mbunge. Unapiga kura gani?"

Hilarioni alitazama saa, akatazama mlango ambao nyuma yake kulikuwa na ngazi. Angeweza kukaa kimya. Angeweza kusema sheria ile ilikuwa upuuzi tangu siku ya mvua. Badala yake alitoa pamba iliyobaki puani, akaiweka mfukoni kwa uangalifu, na kunyoosha mkono wake juu, wima kabisa, kama mwanafunzi anayelijua jibu.

"Sheria ni sheria," alisema.

Kesho yake picha yake ilitundikwa koridoni. Siku tisini na tisa. Gaudensi akawa Waziri Mkuu wa arobaini, akaangushwa siku ya sita na Waziri wa Jibini.

*

Hapo ndipo nilipotaka kuiachia hadithi, na nisingeongeza neno. Lakini Sista Melania, mwalimu wetu wa nidhamu, ameikuta chini ya godoro langu, akaisoma yote amesimama, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu: "Huyu msichana mwadilifu mwenye macho ya hekima ni nani? Na wewe umejuaje alichowaza Waziri Mkuu amefumba macho? Njoo ofisini na daftari lako la Jiografia."

Daftari langu la Jiografia halina kurasa za katikati.

Basi nakiri. Alichowaza nimekitunga mimi, isipokuwa mwisho, ambao kila mtu aliuona usoni pake. Jalada nalo ni kazi yangu. Nililiandika usiku mmoja bwenini kwenye kurasa hizo, nikalichovya kwenye chai ya rangi, nikalianika juu ya bati la jiko. Korbineli alikufa siku ya arobaini, akazikwa siku ya arobaini na moja, kwa heshima zote. Nilidhani wazee watacheka, watupe pilau kwa ajili ya jitihada, waturudishe shule. Sikujua kwamba watu wazima wakisoma kitu chenye kamba ya katani huacha kufikiri.

Sista ameniuliza kama najuta. Nimemjibu kwamba kwa Serikali sijuti, kwani ingeanguka hata bila mimi. Lakini yule mzee aliponyoosha mkono wake, mimi nilikuwa juu pale jukwaani, mita kumi kutoka kwake. Ningeweza kusimama na kusema jalada ni la uongo, mwacheni ajitetee. Angeanguka tu, lakini angeanguka kama mtu hai.

Sikusema. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pilau.